Mwanangu, ile ratiba ya yoga nimeibandua ukutani

Mwanangu Somoe,

Huku Mtwara, Shangani, wazima, paka kazaa tena, baba yako yupo. Nakuandikia maana kwenye simu unanikatisha kila nikianza. Ile ratiba ya yoga uliyonichapia nimeibandua ukutani. Usinune kwanza, sijaacha mazoezi, nimeacha ratiba, ni vitu viwili hivyo.

We umeandika Jumamosi dakika 40. Sasa Ijumaa usiku ndo namezaga methotreksati, hii dawa yangu ya baridi yabisi ya mara moja tu kwa wiki, Jumamosi naamka mwili umelegea, kichefuchefu, hata harufu ya samaki wa kukaanga siitaki, afu simu inalia eti muda wa mazoezi. Siku hiyo nalala jamani. Jumapili ndo narudi kuwa mtu.

Na asubuhi zangu huzijui, maana wakati unaondoka kwenda Dodoma nilikuwa bado naambiwa huo ni uzee, na miaka yangu 49, nikapewa vidonge vya maumivu miaka miwili, mpaka nikakutana na daktari aliyenishika kidole kimoja kimoja akauliza asubuhi vinakaza kwa muda gani. Nikamwambia zaidi ya saa. Akasema mama hii ni baridi yabisi, kinga ya mwili inashambulia viungo vyako mwenyewe. Nililia, lakini afadhali ilikuwa na jina.

Saa kumi na moja alfajiri chupa ya chai siwezi kuifungua, naibana na mapaja nazungusha kifuniko kwa kiganja. Kwa hiyo naanza na beseni la maji ya uvuguvugu, natia mikono, nafumba nafumbua vidole taratibu mpaka vianze kunisikiliza. Hiyo ndo yoga yangu ya kwanza, hata kama yule dada wa kwenye video hajaiweka.

Ule mkao wa paka na ng'ombe wa kuegemea mikono chini nimeuacha, vifundo vya mikono vilivimba siku mbili nazi ikakunwa na mdogo wako, akaacha nyama nusu kwenye vifuu. Sasa naufanya kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, navuta pumzi mgongo unanyooka, natoa pumzi unajikunja. Kiungo kikiwa cha moto na kimevimba nakipumzisha, nakichezesha kidogo tu kisigande. Mkao wa mtoto ndo sihitaji kufundishwa, nimesujudu tangu mdogo, goti likikubali naweka mto kati ya makalio na visigino nainama hapo, likigoma naswali kitini na yoga kitini. Jirani kasema nafanya ibada ya Wahindi. Nikamwambia yoga imetoka India kweli, na chapati je, mbona kila siku anazigonga.

Zile dakika 150 za mazoezi kwa wiki ulizosema WHO, hao Shirika la Afya Duniani, wameandika mi nazipata kwa vipande. Kumi kitini, kumi na tano jioni jua likipoa natembea mpaka feri, natazama pantoni inavyoshusha watu wa Msangamkuu, narudi. Wiki nyingine hazifiki hata 80. Na we mwenyewe ulinisomea kwamba kidogo ni bora kuliko kukaa bure, sehemu hiyo sijui umeisahau lini. Basi usinipigie kuuliza zimefika ngapi, niulize vidole vimeamkaje, hapo tutaongea mpaka bando liishe.

Shangazi yako anapanda basi Jumatatu, nimempa korosho kilo mbili. Kabangua mdogo wako, sio mimi, kwa hiyo zilizovunjika ni nyingi, kula hivohivo. Na ukija Desemba niletee chupa ya chai ile ya kubonyeza juu, hii ya kuzungusha nimeichoka.

Mama yako