Kwenu wanangu mnaotunza wazazi wenye dawa nyingi

Hamjambo wanangu. Nawaandikia nyinyi wa Umoja, Kayole, Kibra na mitaa mingine ya Nairobi, mnaokaa na baba au mama mwenye presha, sukari na maumivu ya magoti. Najua mkebe ulioko kando ya kitanda chake: umejaa vibahasha vya kaki vilivyoandikwa 1x3 au 2x2, na jina la dawa halipo.

Anzieni hapo. Mwageni zote mezani: za kliniki, za duka la dawa la mtaani, mitishamba, hata zilizobaki mwaka jana. Andikeni jina, miligramu, aliyempa, na saa anazomeza kweli, hata kama si zile alizoandikiwa. Kibahasha kisicho na jina msikibahatishe, mpelekeeni mfamasia. Angalieni pia dawa moja yenye majina mawili. Panadol ni parasetamoli, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli hiyohiyo. Mtu mzima asizidishe tembe 8 za miligramu 500 kwa saa 24, na mzee aliyekonda huhitaji pungufu ya hapo.

Linaloniuma zaidi ni dawa kuzaa dawa. Amlodipini ya presha huweza kuvimbisha miguu: ukibonyeza kifundo kwa kidole gumba, kishimo kinabaki. Mzee anaongezewa dawa ya kukojoa, anaamka usiku mara tatu, kizunguzungu kinamshika, anaanguka bafuni. Miguu huvimba pia kwa sababu ya moyo au figo, kwa hiyo mwachieni daktari aamue. Nyinyi mwambieni dawa ilianza lini na uvimbe ulianza lini.

Diklofenaki ya magoti hununuliwa kama peremende, na hapo ndipo figo huharibika. Hubana mshipa unaoingiza damu kwenye figo. Enalaprili au losatani, dawa za presha, hulegeza mshipa unaoitoa, na dawa ya kukojoa hupunguza maji mwilini. Zikikutana zote tatu, figo hukosa msukumo wa kuchuja damu, hasa mzee akiwa anaharisha au anatapika. Kabla ya kununua dawa yoyote ya maumivu, mwonyesheni mfamasia ile orodha.

Glibenklamidi ya sukari ni hatari kwa mzee anayelala bila kula. Akitetemeka, akitokwa jasho au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, na bado anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji, kisha chakula, halafu mpelekeni hospitali hata kama amepata nafuu. Sukari huweza kushuka tena baada ya saa kadhaa. Asiyeweza kumeza asipewe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali.

Piriton, dawa ya mzio na mafua, nayo huchanganya akili za wazee na kuwazibia mkojo, hasa wenye tezi dume. Msiharakishe kusema ni uzee.

Lakini nawasihi, msikate dawa wenyewe. Atenololi ya presha ikiachwa ghafla huweza kuudhuru moyo, na presha hupanda kimyakimya. Siku ya kliniki nendeni na mkebe wote na orodha, muulize: hii ni ya nini, ataimeza mpaka lini, ipi inaweza kupunguzwa, na figo zilipimwa lini mara ya mwisho?