Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: Kiungululu pasipandikizwe sato

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Nakuandikia kutoka Tukuyu, na sitakuzungusha: naomba vifaranga wa sato wasipandikizwe katika Ziwa Kiungululu.

Ziwa lenyewe ni dogo, limekaa kwenye shimo la volkano ya kale hapa Rungwe, kama ilivyo Masoko, Ikapu na Itamba. Ndani yake kuna perege ambaye asili yake ni humo tu, duniani kote. Wataalamu humwita Oreochromis chungruruensis, jina lililotokana na ziwa hilohilo. Mjerumani Ernst Ahl alimweleza kitaalamu mwaka 1924. Leo yumo kwenye orodha ya IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe na mazingira) ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Jike lake hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Vifaranga wakishtuka hukimbilia mdomoni humohumo, na mama siku hizo karibu hali kitu.

Sato simpingi. Anakua haraka, soko lipo, na wapo majirani zangu wanaosomesha watoto kwa mabwawa yao. Lakini huku ni mgeni. Hata Ziwa Victoria aliletwa miaka ya 1950. Na haishii kugombea chakula na mwenyeji. Sato huzaana na perege wa ukoo wake, watoto wao nao huzaa, na vizazi vichache baadaye utavua samaki tele, ila yule wa asili hayumo. Hakuna atakayeona siku alipokwisha.

Mwaka jana nilikutana na kijana wa bodaboda, nyuma amefunga mfuko wa plastiki wenye maji, umetunishwa kwa hewa, vifaranga wanametameta ndani kama sindano. Nikamuuliza anawapeleka wapi. "Popote penye maji, mzee." Hakuwa na ubaya wowote. Hajaambiwa tu.

Mheshimiwa, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakupa uwezo wa kutunga kanuni. TAFIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, wana kituo Kyela, si mbali. Waje wakague ni samaki gani waliomo ziwani sasa. Kibao kiwekwe kwenye njia ya kuteremkia majini, kwa Kiswahili na Kinyakyusa, na kila anayeuza vifaranga aelezwe maziwa yasiyoguswa.

Nikijulishwa siku ya ujio wao, nitawasubiri barabarani na kuwashusha mwenyewe hadi ukingoni.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu, Tukuyu