Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu na ile safari ya Kannur

Wanachama wenzangu wa chama cha wapiga picha, habari zenu. Hesabu atazisoma mhazini maana anazijua kuliko mimi. Kwa ufupi, darasa la Jumamosi liliendelea, printa iliharibika mara mbili tukaitengeneza mara mbili, na bado inachora mstari wa bluu pembeni. Basi. Najua mnachosubiri ni Kannur.

Tulienda tisa, wiki mbili, mwezi wa kwanza, kaskazini mwa jimbo la Kerala kule India, wilaya za Kannur na Kasaragod, kupiga picha za Theyyam, ibada ya ngoma ambayo mchezaji anapakwa rangi na kuvishwa taji mpaka mungu anampanda. Jina lenyewe linatokana na daivam, yaani mungu, na wenyeji hawasemi mtu anaigiza mungu, wanasema mungu kaja. Msimu unafunguka tarehe 10 ya mwezi wao wa Thulam, kama mwishoni mwa Oktoba hivi, unakwenda mpaka mvua kubwa za mwezi wa 6 zikaribie, usiku kwa usiku, leo kavu hii kesho kavu ile. Kavu ni kichaka kitakatifu chenye madhabahu, ni neno la Kimalayalam, sio kavu ya kukauka, nasema hivi kwa sababu kuna mtu aliuliza kama vijiji vyote vile havina maji.

Watu wazima wa pwani mtaelewa haraka kuliko vijana. Kwetu kwenye ngoma ya pepo yule anayepandwa tunamwita kiti, na kule nilichokiona ni kitu cha karibu sana na hicho, ila matayarisho yake jamani! Mchezaji analala chali chini kwenye mkeka, mchoraji anamwinamia usoni masaa mawili, matatu, brashi yake ni chelewa, hizi hizi tunazofungia fagio. Nyeupe ni unga wa mchele, nyeusi ni masizi ya taa, njano ni manjano ya jikoni, na manjano hayo hayo ukiyachanganya na chokaa yanageuka mekundu. Pembeni wanaimba thottam, habari za huyo mungu alivyozaliwa na alivyouawa, maana wengi wao walikuwa binadamu waliodhulumiwa. Halafu anavishwa lile taji, mengine marefu kupita mtu, anapewa kioo kidogo mkononi, anajitazama. Hapo ndo ngoma za chenda zinapasuka na yeye sio yeye tena.

Hicho kioo ndo kilituletea aibu. Kila mpiga picha anakitaka, na mwenzetu mmoja, simtaji, alishaambiwa azime flashi akasema imezimwa, ikawaka usoni kwa mzee palepale anapojitazama. Hakuna aliyetupigia kelele, wazee wa kavu walitutazama tu, na mimi kiukweli heri wangetupigia kelele. Tukarudi nyuma wote tisa, tukakaa nyuma mpaka alfajiri. Na nyuma huko ndo nikaona tulichokuwa tunakiziba: akina mama waliokuja na shida zao, wanasubiri mungu awashike mkono awasikilize, awape unga wa manjano, na mbele yao kulikuwa na migongo yetu na mabegi ya lenzi.

Kwa upande wa ufundi, mwanga ni mienge ya makuti makavu, kwa hiyo lenzi ya apacha 1.8, yaani tundu pana la kuingiza mwanga, ISO (wepesi wa kamera kuuona mwanga) 3200 kwenda juu, shata isishuke 1/250 ya sekunde maana wanazunguka kama pia. Ukiiachia kamera iamue yenyewe inaona giza inang'arisha kila kitu, moto unabaki weupe mtupu. Traipodi mziache nyumbani.

Picha ninayoipenda mwaka huu sio yangu, ni ya mwanachama wetu mpya kabisa, ya Pottan Theyyam akiwa amejilaza kwenye rundo la makaa, kiunoni makuti machanga, halafu anafanya mzaha kwamba anasikia baridi. Hadithi yake ni mungu Shiva aliyejigeuza mtu wa tabaka la chini akamzibia njia Shankaracharya, yule mwanachuoni mkubwa, akamuuliza: ukikatwa wewe si damu, na mimi si damu? Na wachezaji wenyewe wanatoka kwenye jamii zilizokuwa zinaitwa najisi, Wavannan, Wamalayan, Wapulaya, lakini usiku huo wenye ardhi na majina makubwa wanawainamia. Asubuhi rangi ikishafutwa mtu anarudi kwenye kazi yake. Hili la kurudi kazini hakuna hata mmoja wetu aliyelipiga picha, tulikuwa tumelala.

Parassinikkadavu, kwenye hekalu la mungu Muthappan pale mtoni, ambako ibada ni kila siku mwaka mzima na mbwa wanaheshimiwa, kamera tuliziacha gesti kwa makusudi. Tulikaa na watu, tukapewa chai na vipande vya nazi. Wawili walinuna, lakini nikiulizwa siku bora ya safari nitataja hiyo.

Sasa kamati imekubaliana hivi. Flashi marufuku kwenye safari zote za chama, anayebisha nauli yake hairudi. Maonesho ya picha za safari hayafunguliwi mpaka wachezaji wapelekewe picha zao, za karatasi, sio za simu, tuliwaahidi mbele ya watu na mpaka leo ninavyoandika zimeenda za wanne tu, zingine ziko kwenye kompyuta zenu mnasema bado mnaedit. Nimechoka kukumbusha. Nataka mafaili yote Ijumaa, yalivyo, printa itachora mstari wake wa bluu nami nitaukata kwa mkasi.

Uenyekiti sigombei tena, fomu ziko kwa katibu.