Faili bichi na faili lililochezewa: kwa nini bei zetu hazilingani

Wiki iliyopita mama mmoja mwenye duka la spea za magari aliondoka amenuna hapa dukani kwetu, tunapotengeneza kompyuta na kuokoa mafaili ya Excel, ile programu ya majedwali ya hesabu. Tulimtoza shilingi 20,000, na alichokiona kwa macho yake ni mimi nikibofya mara nne. "Dakika mbili tu mwanangu, elfu ishirini? Si mnatuibia nyie?" Nikanyamaza maana benchi lilikuwa na watu. Lakini neno hilo nimelisikia mno mwaka huu, kwa hiyo leo najibu.

Excel yake ni ya 2007, ilikuwa inajifunga yenyewe kila akifungua ankara. Kabla ya kuja kwetu, mpwa wake alishapiga Windows upya mara mbili. Mara ya kwanza zikaondoka picha za familia, mara ya pili orodha ya bei. Na kila akimaliza anarudisha draiva ile ile ya printa (programu ndogo inayoiunganisha kompyuta na printa) kutoka flashi ile ile, draiva ya enzi za Windows XP, kwenye kompyuta yenye Windows 7. Ugonjwa ulikuwa hapo. Excel ikifungua faili huiuliza printa kuu habari za ukubwa wa karatasi, ijue ukurasa unaishia wapi. Draiva ikiwa mbovu, Excel inaanguka nayo. Nilipohamisha printa kuu kwenda ile ya XPS inayokuja na Windows, printa ya ndani ya programu tu, si mashine, ankara ikafunguka. Nikamwekea draiva sahihi, akachapa.

Nusu saa ya kabla ya hapo hakuiona kwa sababu alikwenda kula. Nilishalifungua faili lake kwenye mashine yetu likafunguka vizuri, kwa hiyo faili ni zima. Nikaifungua Excel yake huku nimeshikilia kitufe cha Ctrl ili iamke bila nyongeza zozote, ikaanguka vile vile ilipofika kwenye ankara. Nikapekua folda ya XLSTART, maana kitu chochote kilichowekwa humo hufunguka chenyewe kila Excel ikiwaka, tupu. Ndipo nikaifikia printa. Mama, ningekuwa mwizi ningekupiga Windows mara ya tatu, nikakutoza elfu hamsini, na wewe ungeona kazi kubwa imefanyika.

Sasa mafaili yenyewe. Hapa dukani tuna faili bichi na faili lililochezewa. Bichi ni lile lililoharibika na mwenyewe hajaligusa tena. Lililochezewa ni lile lililopita mikononi mwa mpwa, jirani, na tovuti tatu. Bichi tunaanzia shilingi 30,000. Lililochezewa tunalitazama kwanza, na mara nyingine tunakurudishia flashi yako bila kukutoza kitu, kwa sababu ndani hakuna cha kuokoa.

Mwezi wa tatu alikuja mweka hazina wa kikoba. Alichomoa flashi taa yake bado inamwekamweka. Faili ni .xlsx, linagoma kufunguka, na jamaa alifanya jambo moja la maana: hakuligusa tena. Faili la .xlsx kwa ndani ni mfuko wa zipu wenye vifaili vidogo. Kila shiti, yaani kila ukurasa wa jedwali, ina kifaili chake, lakini maneno hayakai humo. Maneno yote, majina ya watu yakiwemo, huwa kwenye kifaili kimoja cha pamoja, na kwenye shiti, mahali pa jina, panaandikwa namba tu. Ukikuta 17 maana yake ni jina la 18 kwenye orodha, kwa kuwa wanahesabu kuanzia sifuri. Na mara nyingi orodha hiyo hukaa karibu na mwisho wa mfuko, kwa hiyo faili likikatika mkia, michango inabaki na majina yanakwenda.

Ndivyo ilivyokuwa. Tuliufungua mfuko kwa mkono tukapata shiti zote kumi na mbili zenye hela kamili, hakuna hata mwanachama mmoja mwenye jina. Akaleta daftari lake la kalamu. Tukaanza na mtu mmoja mmoja: mchango wa namba hii Januari, Februari, Machi, nani kwenye daftari alitoa hivyo? Tukishajua 17 ni fulani, basi kila 17 kwenye shiti zote ni yeye. Siku moja na nusu. Tulimtoza 60,000, akaomba punguzo, sikumpa.

Mhasibu wa shule moja alikuja na ugonjwa ule ule miezi michache baadaye. Yeye alikuwa amelifungua faili kwa "Open and Repair". Si kosa, na sisi huanzia hapo hapo, ila juu ya kopi. Excel ikamwambia imeondoa sehemu zisizosomeka. Akaona madarasa yapo, ada zipo, majina ya wanafunzi hakuna. Akaseva kwa jina lile lile juu ya lile lile. Zile namba ambazo zingetuonyesha njia Excel ilishazifuta kwenye matengenezo yake, na faili la awali halipo tena. Alikaa kwenye kiti hicho hapo akasema, "Lakini mimi nilibonyeza sevu ili nisipoteze." Huyo sikumtoza. Ningemtoza nini?

Kuna hawa wa kufuta takataka pia. Excel ikiseva haiandiki moja kwa moja juu ya faili lako. Inaandika jipya pembeni lenye jina la ajabu, herufi na namba nane, halafu inaondoa la zamani na kulipa jipya jina lake. Umeme ukikatika katikati ya mabadilishano hayo, unaweza kukuta faili lako halipo, na pembeni kuna kitu kinaitwa mfano 5C3A1000. Kijana wa duka moja la vifaa vya ujenzi alikiona akadhani ni virusi, akakifuta, akamwaga na kapu la taka. Hicho kitu ndicho kilikuwa hesabu za baba yake za miezi minane. Tulikirudisha, kwa sababu walizima kompyuta mapema na hawakuandika kitu kingine kwenye diski. Wangekuwa wameshusha programu ya kurejesha mafaili na kuiweka kwenye diski hiyo hiyo, wengi hufanya hivyo, huenda ingekaa juu ya kile kile inachotafuta.

Na zile programu za kurejesha mafaili zilizokrekiwa, za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bure, ndiyo kabisa. Mtu anakimbia elfu thelathini yangu, anarudi na faili bovu pamoja na flashi yenye virusi, mafolda yote yamegeuka njia za mkato. Sasa ni kazi mbili.

Wengine hubadilisha mkia wa jina kwa mkono, kutoka .xls (umbo la Excel 2003) kuwa .xlsx (umbo la 2007 na kuendelea), wakiamini wamelifanya jipya. Haya ni maumbile mawili tofauti, ni sawa na kubandika lebo ya sukari kwenye mfuko wa saruji. Excel italikataa kisha utadhani limekufa. Rudisha jina la zamani ujaribu kwanza kabla hujatupigia simu. Hiyo nimekupa bure.

Na mnaong'ang'ania Excel 2003, sina ugomvi nanyi, ni nyepesi na mashine zenu ni za zamani. Ila jueni mipaka yake. Shiti moja ni mistari 65,536 na safu 256, basi. Mwaka 2020 mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza ilikuwa ikipokea majibu ya vipimo vya korona na kuyapitisha kwenye mafaili ya .xls. Kila mgonjwa alikuwa anakula mistari kadhaa, faili likajaa, yaliyozidi yakaachwa nje kimyakimya. Wagonjwa 15,841 wa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba walichelewa kuingia kwenye hesabu. Hilo ni taifa, lina mafundi wake.

Mpaka mwingine ni wa mapambo. Excel 2003 inabeba aina kama 4,000 za mchanganyiko wa rangi, fonti na mistari ya seli kwa faili zima. Unaweza kucheka, nani atumie 4,000? Mhasibu wa SACCOS mmoja, ndiye. Miaka tisa ya kunakili shiti za mwezi uliopita na kubandika vipande kutoka mafaili ya watu. Faili la wanachama 900 lilikuwa na MB 38, kuliseva ni kuchemsha chai. Jipime: bonyeza Ctrl na End pamoja. Kishale kikiruka mpaka mstari wa 65,536 wakati data zako zinaishia wa 900, unabeba mzigo usiouona. Lake tulilisafisha likabaki na MB moja na kidogo. Alisema tumemfutia kazi. Ilibidi tuzihesabu seli naye.

Excel 2003 iliacha kupata matengenezo kutoka kwa wenyewe Microsoft tangu Aprili 2014, na ya 2007 tangu Oktoba 2017. Kuhamia LibreOffice ni bure, kuiweka tunatoza 10,000, na mara nyingine inafungua mafaili ambayo Excel yenyewe imeyakataa. Makro zako, zile amri za kufanya kazi zenyewe ndani ya faili, baadhi zitagoma, nakwambia mapema usije ukanishika shati.

Ukija, njoo na flashi au kompyuta yenyewe, siyo picha ya skrini uliyoipiga kwa simu. Tuambie ulichokwisha kufanya, hata kama ni aibu. Ukificha tunatafuta upande usio wake na saa zinahesabika. Na kama faili lina neno la siri, kaa ulikumbuke kabla ya kutoka nyumbani. Tukimaliza kuliokoa halafu ukaanza kutubahatishia tarehe za kuzaliwa za watoto, hiyo ni kazi nyingine na ina bei yake.