Mpwa wangu, kuhusu hiyo chaki unayoilalamikia

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa juzi usiku niliusoma mara mbili. Unasema tangu uanze kufundisha sanaa brashi zako zimekauka, na kwamba mchoraji akishashika chaki ndiyo basi tena. Sikujibu palepale maana ningekugombeza. Leo nimepoa, kaa nikusimulie habari za msanii wa chapa Bruce Onobrakpeya.

Alizaliwa mwaka 1932 huko Agbarha-Otor, Nigeria, baba yake akiwa mchongaji. Alikuwa ameshafundisha shuleni hata kabla ya kwenda chuo. Alipofika chuo cha sanaa cha Zaria, kaskazini mwa Nigeria, akawa kundi moja na kina Uche Okeke, Demas Nwoko na Yusuf Grillo, vijana waliogoma kuchora kama walivyoelekezwa na walimu wao Wazungu. Mwaka 1958 wakaunda chama chao cha sanaa palepale chuoni. Baada ya chuo akarudi kwenye chaki. Kuanzia 1963 hadi 1980 alifundisha wavulana wa St Gregory's College, Lagos. Miaka 17, mpwa wangu. Wewe una mihula miwili.

Uchapaji wenyewe, yaani kuchonga picha kwenye bamba, kulipaka wino na kulikandamiza kwenye karatasi, alinolewa kwenye warsha za Mholanzi Ru van Rossem, wakati Onobrakpeya mwenyewe tayari ni mwalimu. Mwaka 1969 akatoa chapa 14 za linoliamu za Njia ya Msalaba. Zitafute uziangalie taratibu, hasa zile nguo zilivyojaa nakshi. Kila penye weupe patasi imepita. Weusi ndio alioubakiza. Tena unachonga kinyume, kulia kuwe kushoto, na mkono ukiteleza hakuna kifutio. (Mimi nilijaribu kuchonga samaki mmoja tu. Akatoka hana mkia.)

Ila kisa ninachokipenda ni cha 1967. Alikuwa akitayarisha bamba la metali, ambalo picha yake huchimbwa kwa asidi, akatumia asidi isiyofaa, ya haidrokloriki, ikalila vibaya. Mwingine angelitupa. Yeye baadaye akaliziba kwa gundi, na alipolichapa akaona karatasi inatoka na mabonde na vilima ambavyo patasi isingempa. Kutokana na ajali hiyo akapata mbinu yake mwenyewe ya kuchapa. Alikuwa bado anasahihisha madaftari ya watoto wa watu wakati huo, na nadhani mshahara ndio uliomruhusu kuchezea bamba lililoharibika bila kuwaza nani atalinunua.

Heshima zilikuja baadaye: maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, yalimtambua mwaka 1990, na mwaka 1998 akaanzisha warsha ya Harmattan kijijini kwao, wasanii wakutane na kufundishana. Ameacha shule, kaanzisha nyingine!

Sasa lile bamba lako ulilolisukuma uvunguni, ukasema limeharibika, bado lipo? Usimpe mtu wa vyuma chakavu. Nikija likizo nataka kuliona, na rola ya wino uwe umeiosha.

Mjomba wako