Swali la uvutano lisifutwe ubaoni

Bwana Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Goma. Juzi mkaguzi mmoja alinikemea mbele ya wanafunzi kwa kuwaambia kwamba ile 9.81 wanayoikariri, kipimo cha uvutano yaani nguvu ya dunia ya kuvuta vitu (mita kwa sekunde, kila sekunde), ni namba ya Ulaya. Narudia: kwetu ni karibu 9.78. Tuko jirani na ikweta, ambako dunia imevimba na mzunguko wake unapunguza uzito kidogo, tena tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Wanafunzi walifunga jiwe la volkano kwenye kamba ya mita moja, wakalining'iniza kwenye boriti, wakaliacha liyumbe mara 100, kwenda na kurudi. Simu ikaonyesha dakika 3 na sekunde 21. Hesabu ikawapa 9.77. Najua ukikosea nusu sentimita tu katika kupima kamba, tofauti yote hiyo inapotea. Lakini sasa namba hiyo wameishika kwa mikono yao.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba uvutano unafundishwa kama jambo lililokwisha. Newton alitoa kanuni yake mwaka 1687, na mwenyewe akakiri kwamba chanzo cha nguvu hiyo hakijui. Mwaka 1915 Einstein akasema uzito wa jua unapinda nafasi na wakati. Tarehe 29 Mei 1919 Eddington, mwanaastronomia wa Uingereza, alikwenda kupiga picha za nyota kando ya jua lililopatwa, aone kama mwanga wa nyota hizo umepinda kweli. Alikwenda wapi? Príncipe, kisiwa cha Afrika, kilicho kaskazini ya ikweta karibu sawa na tulivyo sisi kusini yake. Ni mtoto gani wa Goma ameambiwa hilo?

Mwanafizikia Abdus Salam wa Pakistan na wenzake wawili walipata Nobel mwaka 1979 kwa kuunganisha nguvu ya umeme na sumaku na ile nguvu dhaifu ya ndani ya atomu. Uvutano ulibaki nje, na uko nje hadi leo: ukipeleka hesabu za Einstein na za kwantumu, yaani fizikia ya vitu vidogo kama atomu, pamoja hadi katikati ya shimo jeusi, ambako uvutano ni mkali hata mwanga hautoki, zinakataa kupatana.

Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye kila Jumamosi hushusha viazi kwa chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, aliniuliza: «Mwalimu, basi hakuna anayejua hadi mwisho ni nini kinanivuta kwenye mteremko?» Nikamjibu: bado. Mkaguzi akaandika kwamba nawachanganya watoto. Swali la kijana huyo nimeliacha ubaoni, na naomba walimu wenzangu waliandike kwao pia.

Mwalimu wa fizikia, Goma