Toroli Si Mfuko: Barua kwa Rafiki Yangu Mwalimu wa Ufundi Stadi

Morogoro

Mwalimu, rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Barua yako niliipokea wiki iliyopita na nimeisoma mara mbili, maana umenigusa pale pale ninapoumwa. Unasema kijana anayeingia katika uanagenzi asibanwe na masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu, bali apimwe kwa kazi ya mikono yake tu, kama ilivyo sasa England, ambako tangu mwaka 2025 mwanagenzi aliyeanza mafunzo akiwa na umri wa miaka 19 au zaidi anaweza kuhitimu bila kufaulu mtihani wa Kiingereza na hesabu, na uamuzi huo ameachiwa mwajiri wake. Nakuunga mkono nusu, nusu nyingine naipinga, na sababu yangu ni lenta, yaani boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha.

Mwaka jana nilikuwa na kijana aliyemaliza darasa la saba, ambaye ukimpa kamba, timazi na pima maji, kozi zake, yaani safu za matofali, hupanda zimenyooka hata mimi nikaona wivu. Siku ya kumwaga zege la lenta niliitwa kwingine, nikamwachia maagizo ya haraka: moja, mbili, nne. Nilikusudia mfuko mmoja wa saruji, mchanga wa ujazo wa mifuko miwili na kokoto za ujazo wa mifuko minne. Yeye alielewa mfuko mmoja, toroli mbili, toroli nne. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, na toroli letu lilibeba karibu mara mbili ya hapo, kwa hiyo saruji ilipungua kwa nusu bila mtu kuiba hata kiganja. Tulipofungua mbao, kona zilimomonyoka kwa ukucha. Niliivunja lenta yote nikaimwaga upya kwa fedha yangu, na mwenye nyumba hadi leo hunisalimia kwa mbali.

Sasa niambie, Mwalimu: kosa lile lilikuwa la mkono au la hesabu? Uwiano ule si somo la pembeni ambalo chuo kimeliongeza ili kujaza ratiba. Ndio zege lenyewe.

Kijana sikumfukuza. Nilianza na kitu anachokijua: kila anapopiga mraba wa msingi hupima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, kisha huhakikisha mshazari unasoma 5. Nikamuuliza angefanyaje kwenye nyumba kubwa, ambako pembetatu ndogo kama ile haiaminiki. Akanyamaza, akachora mchangani kwa kijiti, akasema 6, 8 na 10. Hakuna aliyemfundisha. Uwiano alikuwa nao siku zote kwenye kamba, ila hakujua kuwa ndio uleule unaotakiwa kwenye toroli. Tukaunda boksi la mbao la kupimia, sentimita 40 kwa 35 kwa 25, nikamtaka azidishe mwenyewe. Alikosea mara mbili. Mara ya tatu akapata sentimita za ujazo 35,000, kisha akauliza namba hiyo inageukaje kuwa lita, swali ambalo lilinichukua mchana mzima kulijibu.

Ninapokubaliana nawe ni kwenye mtihani wa karatasi: si lazima. Mimi mwenyewe cheti nilikipata kwa utaratibu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, baada ya miaka mingi ya kuwa saidia fundi. Mpimaji alinisimamisha mbele ya ukuta uliofika nusu akaniuliza yanahitajika matofali mangapi kuumaliza. Alinipima hesabu bila kunipa kalamu. Wala jambo hili si geni kwetu: baba yangu alijifunza kusoma baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kule Kanda ya Ziwa mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa ulikuwa umeanza tangu 1968, mkulima akijifunza herufi kupitia pamba yake na mvuvi kupitia samaki wake.

Kwa hiyo, ukikaa tena na wenzako kujadili kiwango cha mwashi wa hatua ya kwanza, msiandike tu kwamba awe amefaulu hesabu, wala msiifute. Andikeni kwamba apime na kuchanganya zege kwa uwiano alioelekezwa, akadirie matofali ya ukuta, atofautishe mfuko wa saruji wa daraja la nguvu la 32.5 na wa 42.5 kwa kusoma maandishi yake, na aandike orodha ya vifaa vilivyotumika siku hiyo. Lakini msimwachie mwajiri uamuzi, kwa sababu mwajiri huku kwetu ni mimi, mwenye vijana watatu na mwenye nyumba anayepiga simu kila asubuhi. Mkiniachia, nitaruka somo, maana ninachohitaji leo ni kozi ipande. Niliruka kwa miaka mingi, na nisingeacha kama isingekuwa ile lenta.

Mwezi ujao tunaanza msingi wa nyumba Kihonda, na kijana anataka kuomba kupimwa baada ya hapo. Ukipata nafasi njoo umuulize maswali yako kwanza, uniambie kwa uwazi kama yuko tayari. Boksi bado tunalo.

Wasalimu mama na watoto.

Ni mimi rafiki yako,
Fundi